Mzee amesahau jina la mwanawe, lakini gitaa la zamani bado analikumbuka

Msomaji mmoja wa safu hii, mama wa watoto watatu anayeishi Kigera mjini Musoma, ameniandikia kuhusu baba yake. Mzee amevuka miaka 70. Enzi zake alikuwa mvuvi, baadaye fundi wa mitumbwi, na Jumamosi jioni alikuwa mtu wa dansi. Kwa miaka miwili sasa kumbukumbu zinamponyoka. Anauliza swali lile lile mara tano kabla hajamaliza kikombe cha chai. Aliwahi kutoka kwenda dukani, akarudishwa na kijana wa bodaboda aliyemkuta anatembea asikokujua. Majuzi alimwita bintiye huyo kwa jina la shangazi ambaye ni marehemu.

Lakini kuna wimbo mmoja. Binti hajui unaitwaje wala bendi iliyoupiga, anaujua kwa gitaa lake tu: linaanza polepole, laini, kisha gitaa la pili linalijibu. Ukipigwa redioni, mzee anakaa wima. Vidole vya mkono wa kushoto vinabonyeza nyuzi zisizokuwepo kwenye egemeo la kiti. Anaimba ubeti wote bila kukosea. Wimbo ukiisha, kwa dakika kadhaa anazungumza kama zamani: anautaja ukumbi, anamtaja rafiki aliyemwazima viatu, anamtania mkewe.

Ungetarajia familia ifurahi. Badala yake wimbo umeleta ugomvi. Mwaka jana mzee aliuza ng'ombe wawili, akapokea fedha, na hadi leo hakumbuki alikoziweka. Kaka mkubwa wa msomaji wetu anasema mtu anayekumbuka wimbo wa miaka 50 iliyopita neno kwa neno hawezi kusahau fedha za mwaka jana. Anasema mzee anajifanya. Sasa kaka haji tena nyumbani, na mama wa watu anaogopa kuwasha redio mbele ya wageni.

Swali la binti ni hili: je, baba anajifanya?

Jibu langu ni fupi. Hapana, hajifanyi. Maelezo ndiyo marefu, na nimeona niyatoe hapa hadharani kwa sababu barua hii si ya kwanza ya aina yake, na ninajua nyumba nyingi ambako mzee anahukumiwa kwa kosa la kukumbuka.

Kumbukumbu si sanduku moja

Wengi tunaifikiria kumbukumbu kama sanduku la chuma: ama limefunguka na vyote vimo, ama limeibwa na vyote vimekwenda. Ubongo haufanyi kazi hivyo. Kumbukumbu za aina tofauti hushughulikiwa na sehemu tofauti.

Jambo jipya, kwa mfano fedha ulizopokea leo au jina la mgeni aliyepita asubuhi, hupitia kwanza kwenye sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, usawa wa masikio, iitwayo hipokampasi. Hii ndiyo karani wa mapokezi. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa zaidi cha dimenshia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kunakovuruga maisha ya kila siku, karani huyu ni miongoni mwa wanaoumia mapema kabisa. Kwa hiyo siku mzee alipopokea fedha za ng'ombe, karani hakuwepo kazini. Huenda tukio lile halikuwahi kuandikwa popote. Ndiyo maana kumbana mzee, kumfokea au kumpa siku tatu za kufikiri hakutaleta fedha.

Wimbo wa ujana hauko kwa karani. Umekwisha kusambazwa miaka mingi iliyopita. Maneno yako upande mmoja, mapigo upande mwingine, furaha yake iko kwenye sehemu zinazoshughulikia hisia, na mwendo wa vidole na miguu uko kwenye sehemu zinazotunza ujuzi wa mwili, zile zile zinazomfanya mtu aendeshe baiskeli baada ya miaka 30 bila kuipanda. Sehemu hizi nyingi huchelewa kuguswa na ugonjwa.

Mwaka 2009 mtafiti Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichunguza ubongo wa watu wakati wakisikiliza nyimbo za ujana wao. Aliona kwamba eneo la mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, huamka pale muziki na kumbukumbu ya maisha ya mtu vinapokutana. Eneo hilo ni miongoni mwa yale yanayochelewa kusinyaa katika Alzheimer. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walikwenda mbele zaidi: walitafuta mahali nyimbo tunazozijua kwa muda mrefu zinapotunzwa, kisha wakapatazama mahali hapo kwa wagonjwa wa Alzheimer. Walikuta pameharibika kidogo kuliko sehemu nyingine za ubongo.

Kuna pia kisa cha mwanamuziki wa Uingereza, Clive Wearing, ambacho madaktari wengi hufundishwa chuoni. Mwaka 1985 virusi vya hapesi viliushambulia ubongo wake. Tangu hapo kumbukumbu yake mpya ikawa inadumu sekunde chache tu. Mkewe akitoka chumbani na kurudi, alimpokea kama mtu aliyepotea miaka mingi. Lakini ukimweka mbele ya piano alipiga, na ukimweka mbele ya kwaya aliiongoza. Hakuna aliyewahi kusema Wearing anajifanya. Mzee wa Kigera naye apewe haki hiyo hiyo.

Jazz ya kwetu

Nimejaribu kukisia ni wimbo gani. Sijaupata, ila nina hakika na enzi yake. Mtu aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa na miaka 15 mwaka 1965, na miaka 25 mwaka 1975. Huo ndio wakati ambao karibu kila mji wa Tanzania ulikuwa na bendi yake ya magitaa, na bendi nyingi zilijiita Jazz. Vijana wasishangae: jazz hiyo haikuwa ile ya tarumbeta ya Wamarekani weusi. Kwetu neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi, yenye gitaa la solo, la ridhimu na la besi, ngoma, na pale palipokuwa na uwezo, saksafoni.

Morogoro Jazz ilikuwa na Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alikwenda nayo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia, akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Tanga kulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz, kila moja na mtindo wake wenye jina. Na Musoma hatukubaki nyuma: kulikuwa na Mara Jazz na mtindo wao wa Sensera. Wazee wa Kigera, Mwisenge na Nyasho wanaposema "yetu" wanamaanisha hiyo.

Mkoa wa Mara ulikuwa tayari kwa gitaa kabla gitaa halijafika. Wakurya wana litungu, Waluo wana nyatiti, vyote ni vyombo vya nyuzi nane, na mtoto aliyelala usingizini akisikia nyuzi zikichezewa ng'ambo ya boma hakuhitaji kufundishwa kulipenda gitaa la umeme alipokuwa kijana.

Nyimbo hizi zilirekodiwa kwa wingi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na redio ndiyo iliyozileta hadi ziwani. Nyumba moja yenye redio ilikuwa ukumbi wa mtaa mzima. Betri zikiisha nguvu zilianikwa juani kama dagaa, zikarudi kwenye redio zikapigwa nyimbo mbili tatu zaidi. Wimbo uliosikilizwa kwa taabu namna hiyo haukusikilizwa kwa sikio moja.

Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu lina maana kitabibu. Angalia jinsi nyimbo zile zilivyotengenezwa. Mwanzo ni taratibu, mwimbaji anasimulia kisa. Kisha linakuja chemko: magitaa yanashika usukani, solo inarudia kipande kifupi kile kile mara nyingi, ridhimu inakizunguka, wachezaji wanajaa uwanjani. Kurudiwarudiwa, mapigo yasiyobadilika, mwili unaocheza, watu unaowapenda wakiwa pembeni, na moyo unaodunda kwa sababu fulani amekuja na gauni jipya. Mtu angekaa chini kubuni njia ya kupigilia kumbukumbu kwenye ubongo isitoke, asingepata iliyo bora zaidi.

Watafiti wa kumbukumbu wanajua pia kwamba watu wazima wakiulizwa kuhusu maisha yao, hukumbuka kwa wingi na kwa uwazi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30. Ni miaka ya mambo ya kwanza: kazi ya kwanza, mchumba, mtoto wa kwanza. Muziki wa miaka hiyo hubeba mizigo yote hiyo. Kwa hiyo unapomtafutia mzee wimbo usianze na unaoupenda wewe, wala na kwaya iliyotoka mwaka jana. Chukua mwaka wake wa kuzaliwa, ongeza 15, ongeza 25, utafute katikati hapo.

Ugonjwa wa kukumbuka nyumbani

Niseme kidogo kuhusu ile hali yenyewe, hamu ya mambo yaliyopita inayochanganya utamu na uchungu. Zamani ilihesabiwa kuwa ugonjwa kamili. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Uswisi, Johannes Hofer, aliipa jina la kitabibu, nostaljia, akiwazungumzia watu walio mbali na nyumbani waliokuwa wanadhoofu. Simulizi za baada yake zinasema askari wa Uswisi waliokuwa ugenini walizidiwa waliposikia nyimbo za kuitia ng'ombe za milimani kwao. Mtu wa Tarime au Serengeti hawezi kuwacheka.

Leo hatuhesabu tena hali hiyo kuwa ugonjwa. Wengi wetu ikitujia hutuacha na moyo mzito kidogo, kisha hutuacha tumechangamka na tunataka kumpigia simu ndugu. Kwa mtu mwenye dimenshia ina kazi kubwa zaidi: kwa dakika chache inamrudishia yeye ni nani.

Muziki unaweza nini, na hauwezi nini

Hapa niwe mkweli, maana kwenye simu zenu zinazunguka video za wazee "walioponywa" na muziki. Muziki hauponyi dimenshia. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba tiba za muziki kwa watu wenye dimenshia huenda hupunguza dalili za sonona na kuboresha tabia kwa ujumla, lakini hazikuonyesha kuirudisha kumbukumbu yenyewe. Mzee atang'aa kwa robo saa, kisha ataulizia tena kama mama yake amerudi shambani. Msikate tamaa, wala msidhani amekataa kupona.

Hata hapa kwetu kazi imefanyika. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ni moja ya maeneo ya vijijini Afrika ambako dimenshia imechunguzwa kwa kina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi wilayani humo walikuwa nayo. Huko huko Hai, wataalamu walijaribu tiba ya makundi ya kuuchangamsha ubongo, wazee wakikutana kuzungumza, kucheza, kutumia mikono na kuimba, baada ya kuirekebisha ifuate mila na mazingira ya Kitanzania. Kundi lilikuwa dogo, lakini wazee walinufaika katika kufikiri na katika ubora wa maisha. Hawakuhitaji mashine. Walihitaji mahali pa kukaa, mtu aliyefundishwa, na muda.

Hospitali kwanza, redio baadaye

Binti wa Kigera hakunieleza kama baba yake amewahi kupimwa. Hilo linanipa wasiwasi kuliko fedha za ng'ombe. Kusahau kunakovuruga maisha si uzee tu. Mzee mzima kiafya anaweza kusahau alikoweka miwani, lakini hapotei njia ya dukani aliyoipita kwa miaka 40.

Mpelekeni zahanati au kituo cha afya, muombe rufaa ya hospitali. Kwa wakazi wa Musoma, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Kwangwa, na kama uchunguzi wa zaidi unahitajika kuna Bugando, Mwanza. Apimwe presha na sukari. Apimwe damu kuona kama ana upungufu wa damu, maambukizi ya VVU au kaswende, na kama inawezekana, homoni za tezi ya shingo na vitamini B12. Kila dawa anayotumia ipelekwe mezani kwa daktari, pamoja na ya mitishamba na ile aliyonunua duka la dawa akiumwa mgongo. Baadhi ya dawa za usingizi na za mzio hufifisha kumbukumbu za wazee. Pombe nayo isemwe bila aibu. Kati ya wanaosahau, wapo ambao chanzo chao kinatibika.

Msiogope kwamba mzee hakusoma na kwa hiyo hatoweza vipimo. Kile kipimo kifupi kilichobuniwa huko Hai hakihitaji kalamu: mzee hutajiwa maneno akayakumbuka baadaye, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo ndani ya dakika moja, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Mfugaji wa Mara kwenye kutaja wanyama anaweza kumshinda daktari.

Kama dimenshia itathibitishwa, zipo dawa zinazopunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda. Haziondoi ugonjwa. Kudhibiti presha na sukari kunabaki kuwa muhimu, kwa sababu viharusi vidogo vidogo visivyoonekana huila kumbukumbu hatua kwa hatua. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kupunguzwa. Presha, kisukari, uvutaji sigara, pombe kupita kiasi, upweke na kupungua kwa usikivu vyote vimo. Wasomaji wenye miaka 45 ambao mmekuwa mkisoma hapa mkimfikiria mzee, sehemu hii ni yenu. Gharama isiwazuie kwenda: sera yetu inawapa msamaha wa matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, ulizeni dirisha la wazee au ustawi wa jamii.

Na kuna dharura moja. Mzee aliyekuwa sawa juzi, leo akavurugikiwa ghafla, anaona watu wasiokuwepo, hajui mchana na usiku, huyo msimwekee muziki. Kuvurugikiwa kwa saa au siku chache mara nyingi kuna sababu ya haraka: malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, kugonga kichwa, kiharusi. Mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu au maneno yakikwama, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Bibi anayetembea usiku

Nilikuwa nimepanga kuliacha hili, lakini Kanda ya Ziwa hatuwezi kuzungumzia dimenshia bila kulitaja. Mwenye dimenshia anaweza kuamka saa nane usiku, akatoka, akaingia uwanja wa jirani akiamini ni kwao miaka ya 1960. Anaweza kuongea peke yake, au kumwita mtu aliyekufa. Kama ni bibi, na macho yake ni mekundu kwa miaka 50 ya moshi wa kuni na samadi, tunajua majirani wanaweza kusema nini, na tunajua kanda yetu imewahi kuwafanyia nini wanawake wa namna hiyo.

Ndiyo maana nawaomba familia msifiche ugonjwa. Mwambie mwenyekiti wa mtaa, mwambie balozi, mwambie jirani wa kushoto na wa kulia: bibi ana ugonjwa wa kusahau, amepimwa, mkimwona usiku mshikeni mkono mtupigie simu. Jirani aliyemwona bibi huyo akiimba kwa furaha wimbo ambao yeye mwenyewe anaujua, anapata shida zaidi kumwita mchawi. Sina utafiti wa kuthibitisha sentensi hiyo, nina imani nayo tu.

Namna ya kuutumia wimbo

Tafuteni nyimbo. Vijana wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi pale stendi au sokoni wana zilipendwa nyingi kuliko mnavyodhani, na vipindi vya zilipendwa bado vipo redioni. Binti wa Kigera amwimbie kijana kipande kile cha gitaa, kwa mdomo, bila haya. Watu wa muziki hutambua hivyo. Vilevile waulizeni wenzake wa rika mnaokutana nao misibani.

Kabla ya hapo, daktari amwangalie masikio. Wakati mwingine nta tu ndiyo imeziba. Redio ndogo mezani inafaa kuliko visikizi, ambavyo humtisha mtu asiyeelewa sauti inatoka wapi. Zimeni televisheni. Kelele mbili kwa pamoja ni mateso kwa ubongo uliochoka.

Wakati nao una maana. Wazee wengi wenye dimenshia huhangaika jua linapozama: wanataka "kwenda nyumbani" wakiwa nyumbani. Nyimbo mbili tatu kabla ya saa hiyo zinaweza kumtuliza. Kuoga pia, ambako kwenye nyumba nyingi ni vita, huwa rahisi kidogo wimbo ukitangulia. Msiupige kutwa nzima. Wimbo ukipigwa mara 20 kwa siku unageuka kelele, hata uwe wa Mbaraka.

Kaeni naye. Hili ndilo watu wanaliruka: wanawasha redio kisha wanakwenda kufua. Na mkikaa, msimfanyie mtihani. "Baba, unakumbuka hapa ilikuwa wapi? Huyu anayeimba ni nani?" Akishindwa anaona aibu, na aibu haisahauliki upesi kama jina. Sema tu, "Gitaa hili tamu, baba," kisha subiri. Akisema jambo lisilo sahihi, kwamba alicheza na bendi hiyo wakati unajua hakucheza, mwache acheze.

Mwangalieni usoni. Machozi peke yake si tatizo, wengi wetu hulia kwa wimbo na tukaomba urudiwe. Lakini akikunja uso, akitetemeka, akiinuka kutaka kutoka, zimeni. Kuna nyimbo zilizokuwa zikipigwa mtu alipopata habari ya kifo. Kuna waliorudi kutoka Vita vya Kagera na wimbo fulani kichwani ambao hawautaki. Kuna familia za ziwani ambazo tangu MV Bukoba izame Mei 1996, muziki wa maombolezo wa redio una maana moja tu kwao. Mnayemtunza hawezi tena kuwaeleza sababu. Uso wake ndio utakaowaambia.

Nanyi wagonjwa mnaosoma wenyewe, ambao kumbukumbu zenu ni nzima: chukueni wimbo mnaoupenda kama kipimo. Kama kwa wiki mbili au zaidi hata ule uliokuwa ukikuinua kitini haukugusi, chakula hakina ladha, usingizi umekimbia na unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona. Ina matibabu. Mwambie mhudumu wa afya kwa maneno hayo hayo, kwamba hata muziki hausikii.

Kwa wazazi

Kuna utafiti mmoja wa mwaka 2013 ninaoupenda. Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Marekani waliwasikilizisha vijana wa chuo nyimbo za miongo mingi iliyopita. Vijana, kama ilivyotarajiwa, walizipenda za siku zao. Ila walishikamana pia na nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana, kabla wao hawajazaliwa. Wamezisikia jikoni, kwenye gari, mzazi akipiga pasi. Kwa hiyo nyimbo unazopiga Jumapili mchana ukichambua mboga zinamwingia mwanao, hata kama sasa anaziba masikio na kusema ni za kizee. Yeye naye akiwa na visikizi, sauti isizidi kiasi cha asilimia 60 ya uwezo wa simu, kwa sababu usikivu ukiharibika haurudi.

Kwa familia ya Kigera nina ombi la mwisho, na ni la kaka mkubwa. Fedha za ng'ombe zitafuteni mahali mzee alipokuwa akificha vitu zamani, alipokuwa kijana: chini ya godoro, kwenye boksi la zana za ufundi, kwenye koti la sherehe, kwa yule rafiki wa viatu kama bado yuko hai. Watu wenye ugonjwa huu mara nyingi hurudia njia za zamani. Na siku ya kumpeleka Kwangwa, kaka ndiye aende naye, abebe dawa zake zote kwenye mfuko, na kadi ya simu yenye ule wimbo, maana foleni inaweza kuwa ndefu.